Gervaise Achagua Viatu vya Theluji

Tangu kiharusi kimpige mwezi wa Oktoba, Rosaire Veilleux alikuwa mtu wa dirishani. Mkono wake wa kulia ulilala mapajani kama mzigo wa mtu mwingine alioombwa kuushika kidogo. Mguu wa upande huo uliburutika. Maneno yalikuwa yamerudi, ingawa yalikwaruza njiani, lakini hakuwa na haja nayo. Alitazama nje, nyuma ya banda la kuni, ambako miti ya sukari ilianza na kupanda kilima mpaka macho yakome, mashina yake meusi yamezama ndani ya theluji. Mkewe akimuuliza anatazama nini, alijibu, "Sitazami kitu."

Gervaise hakubishana naye. Alikuwa mwanamke wa kupika, si wa kubishana. Ujana wake na utu uzima wake aliumalizia katika jiko la shule ya kijiji, akikoroga supu ya njegere kwa watoto wa watu, na baadaye kwa watoto wa watoto hao. Mpaka leo wanaume wenye ndevu humsimamisha barabarani wakamwambia, "Mama Gervaise, supu yako bado naiota." Yeye na Rosaire hawakujaliwa mtoto. Walichojaliwa ni msitu ule.

Kila mwaka majira ya baridi yalipoanza kulegea, usiku bado barafu na mchana jua likidondosha matone kutoka kwenye paa, Rosaire aliingia msituni na kekee na nyundo, akatoboa mashina, akapigilia mirija, akatundika ndoo chini yake. Alikuwa mgema, kama baba yake na babu yake. Maji ya mti yakishajaa aliyaleta kibandani, na hapo ndipo zamu ya Gervaise ilipofika: kuchochea moto na kuyachemsha, mvuke umetanda mpaka hawaonani, mpaka yawe shira. Kwa pua tu alijua shira imeiva. Lakini ndani ya msitu, wakati wa theluji, hakuwahi kutia mguu. Kwa wazee wao ndivyo ilivyokuwa: mwanamume kwenye theluji, mwanamke kwenye moto. Theluji ya huku kwao Beauce humfika mtu kiunoni, na anayeiingia bila viatu vyake haendi mbali. Viatu hivyo, vipana, vilivyosukwa kama kitanda cha kamba, Gervaise alikuwa amevipangusa, amevitundika, amevihamisha na kuvihamisha tena maisha yake yote. Kuvivaa, hapana. Vya Rosaire vilikuwa vimekwenda siku ileile ya kiharusi. Alianguka navyo kutoka kwenye ngazi ya ghala, vikavunjika chini yake.

Jumapili moja ya Februari, baada ya misa, shemeji yake Clermont alikuja kula. Clermont alikuwa mdogo wa Rosaire, mwenye msitu mkubwa upande wa pili wa barabara, wote umefungwa mabomba ya plastiki yanayovuta maji ya miti yenyewe mpaka kwenye mashine. Alikula maharagwe, akarudia, akafuta sahani kwa mkate, kisha akasema lile lililomleta.

"Kaka, miti yako nitaifunga mabomba. Nitakulipa kodi yako kila msimu, wewe ukae hapa ujipashe moto. Ikiachwa mwaka huu, mwakani utasema basi, na mwaka wa tatu umekuwa msitu wa sungura."

Rosaire alifumba macho. "Mpe," alimwambia mkewe, kana kwamba msitu ulikuwa mfukoni mwa aproni yake.

Gervaise alikuwa akimimina chai. Aliona yale macho yaliyofumbwa. Aliwaza kwamba mtu huyu akiutoa msitu, hatabakiwa na kitu cha kukataa kwamba anakitazama.

"Hatujaamua," akasema.

Clermont akacheka, si kwa ubaya. "Shemeji, nani atagema? Wewe? Kwa miguu hiyo ya jikoni? Utazama mpaka skafu, tukutafute kwa koleo!"

"Basi uje na koleo refu."

"Haya, bibiye. Nakuja wiki ya kwanza ya Kwaresima na mabomba yangu. Nikikuta miti imetobolewa, nageuza. Nikikuta haijaguswa, nafunga."

"Njoo."

Rosaire alimtazama mkewe kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. Halafu akarudi dirishani.

Kesho yake Gervaise alipanda gari la jirani mpaka mjini, kwenye duka la vifaa vya michezo. Viatu vya theluji vilijaa ukuta mzima: vya alumini, vyekundu, vya buluu, vyenye meno ya chuma chini kama vya kuparamia mlima. Binti muuzaji alimjia akitabasamu.

"Ni mara yako ya kwanza, mama?"

"Ya kwanza."

"Basi tuanze na uzito. Una kilo ngapi, ukiwa umevaa, na mzigo utakaobeba?"

Mume mmoja maisha yote hajamuuliza swali hilo. Gervaise aliangalia kulia, akaangalia kushoto, kulikuwa na mwanamume anapima buti, akataja uzito aliokuwa nao siku ya harusi. Binti akashusha kiatu chembamba chembamba, kama cha mwanasesere. Gervaise aligeuza kile kikaratasi cha bei na kukirudisha taratibu. Kwa fedha ile wangepata mafuta ya kupasha nyumba moto mpaka theluji iyeyuke.

"Vizuri sana, mwanangu. Nitamshauri mzee kwanza."

Akarudi kijijini, akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha chini ya kanisa, ambako akina mama wa parokia huuza vitu vya mitumba kila Jumatatu. Pale alikuwapo Fleurette Rodrigue, mwenzake wa kwaya, amekaa kati ya birika na majoho ya watoto wa komunyo.

"Viatu vya theluji?" Fleurette akamkazia macho juu ya miwani. "Vya nani?"

"Vyangu."

"Ee Mtakatifu Anna! Umepata mchumba msituni?"

"Ninaye mmoja nyumbani, ananitosha."

Fleurette aliinuka akichekea tumboni, akamtolea jozi mbili kutoka nyuma ya pazia. Ya kwanza ilikuwa fupi, ya mviringo kama wayo wa dubu, kamba zake za ngozi zimekatikakatika. Panya walikuwa wamezila. Ya pili ilikuwa ndefu, nzuri, imepakwa vanishi, yenye mkia mwembamba nyuma na vishada vya sufu nyekundu ubavuni.

Gervaise alisahau kilichomleta. Vishada vile vilimrudisha kwa baba yake, mwanachama wa chama cha watembea theluji, yeye na wenzake wakipita barabarani usiku wa tamasha, mshipi mwekundu kiunoni, mienge mkononi, wanatembea kwa safu moja kama wanaume wa ndotoni. Wasichana walisimama pembeni na mama zao, vikombe vya chokoleti mikononi. Hakuna aliyewaambia wasiingie safu. Hakuna aliyewaambia waingie.

"Hii," akasema.

"Ile ya dubu nakupa kwa bei ya mkate."

"Imekufa hiyo, Fleurette. Nataka kitu kizima."

Sisi tuliozaliwa huku, ukituambia viatu vya theluji, kinachotujia ni gwaride. Hivyo Gervaise hakujiuliza wale wanaume wa mienge walitembea wapi. Walitembea barabarani, kwenye theluji iliyokwisha kukanyagwa, kwenda mbele tu.

Asubuhi iliyofuata alijifunga viatu vyake sebuleni, akatoka kwa mlango wa nyuma akitanua miguu kama bata. Kwenye uwanda mpaka bandani mambo yalikwenda. Theluji ilimbeba! Alijisikia mwepesi, hatua zake zinanong'ona, vishada vinarukaruka, na akili yake ikaanza kumwambia kwamba wanaume walikuwa wameificha raha hii makusudi. Akafika kwenye mti wa kwanza. Akausogelea, akainua kekee, kumbe yuko karibu mno. Akarudi nyuma hatua moja.

Mkia wa kiatu ukachoma theluji kama mkuki. Gervaise alikaa chini bila kupenda. Akajaribu kugeuka, pua ya kiatu ikaingia kati ya mashina mawili yaliyoota pamoja. Akavuta, kile kingine kikapanda juu ya mwenzake. Akabaki chali, miguu juu, vishada vinapepea, kama kobe aliyepinduliwa na watoto watundu.

Hapo akasikia kioo kinagongwa. Akainua shingo. Rosaire alikuwa anapiga dirisha kwa kiganja cha kushoto. Gervaise alidhani mumewe anataka kuomba msaada kwa simu, akamwonyeshea mkono kwamba yuko salama. Lakini Rosaire hakuwa na hofu. Mdomo wake uliokwenda upande ulikuwa wazi, mabega yanamtikisika. Alikuwa anacheka.

Ilimchukua muda kujifungua na kujikokota mpaka nyumbani, theluji mpaka ndani ya soksi. Rosaire bado alikuwa anafuta machozi.

"Vya gwaride," alisema, neno kwa neno. "Mke wangu kaenda kugema… kwa viatu vya gwaride."

"Cheka, cheka. Ulijua, ukanyamaza?"

"Sikuviona. Ulivifungia sebuleni kama bibi harusi." Akacheka tena, kisha kicheko kikamwishia, akawa anamtazama maji yanavyomtiririka kwenye nywele. "Gervaise. Umekwenda kweli."

"Nilisema nitakwenda."

"Nilidhani unamkomesha Clermont."

"Clermont ana nini cha kunifanya nilowe hivi?"

Nje theluji ilikuwa inaanguka taratibu, inafunika lile shimo alilolichimba kwa mwili wake. Halafu mzee akavuta kiti kwa mguu mzima, akamwonyesha akae.

"Una kilo ngapi?"

"Na wewe pia!"

"Sema ukweli. Mimi utanidanganya, theluji haidanganyiki."

Alimwinamia sikioni akamwambia. Rosaire hakutabasamu. Aliitikia kwa kichwa kama fundi anayepokea kipimo cha mlango. "Ongeza makoti. Ongeza ndoo mbili. Huo ndio uzito wa kiatu. Ukitaja mdogo, utazama. Ukizidisha, utachoka kabla ya saa sita. Na msituni mtu hatembei mbele tu, anazunguka mti, anarudi nyuma, anapiga goti. Kiatu kifupi, mviringo, kisicho na mkia. Meno ya chuma wape wapanda milima."

"Fleurette anayo ya dubu. Imeliwa na panya."

"Fremu je? Imepinda?"

"Fremu nzima. Ya mti mweupe."

"Basi panya wametupunguzia bei," akasema Rosaire. "Kaichukue."

Ndivyo ilivyoanza. Gervaise alirudisha vile vizuri, akavumilia kicheko cha Fleurette kilichofika mpaka madhabahuni, akaleta fremu mbili tupu. Rosaire akamtuma ghalani kwenye pipa la nyuma, palipokuwa na ukanda wa ngozi mbichi ya ng'ombe aliouweka tangu zamani. Wakauloweka kwenye beseni mpaka ukalainika na jikoni kukanuka zizi. Kisha wakaanza kusuka.

Rosaire alikuwa anajua kusuka kwa mikono miwili, na sasa anao mmoja. Mara ya kwanza kamba ilipomponyoka aliisukuma fremu ikaanguka sakafuni, akageuza uso dirishani. Gervaise hakuiokota mara moja. Alikoroga sufuria iliyokuwa jikoni, akaonja chumvi, akaongeza chumvi isiyohitajika. Ndipo akaja, akaketi upande wake wa kulia, bega kwa bega, akaipakata fremu juu ya mapaja yao wote wawili.

"Wewe kushoto," akasema. "Mimi nitakuwa kulia."

Mwanzoni ilikuwa kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja. Rosaire alivuta, yeye akalegeza. Yeye alivuta, Rosaire akapitisha pasipopita. "Juu, si chini! Juu ya mwenzake!" "Ningejua iko wapi juu ningekuuliza?" Lakini ngozi ikaanza kuwasikiliza. Mumewe alipitisha, yeye akapokea. Alikaza, yeye akashikilia. Kuna wakati ulifika hawakusemezana kabisa, na Gervaise akagundua kwamba mkono wake unajua pa kwenda kabla ya kuambiwa. Miaka yote ile walikuwa wamefanya kazi moja, yeye motoni na mumewe kwenye theluji, na hawakuwahi kushika kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Walipomaliza cha kwanza, Gervaise alikipeleka kando ya jiko kikauke.

"Si hapo!" Rosaire alipaza sauti. "Ngozi ikikaushwa na moto hukatika kama biskuti. Weka ukumbini, kwenye baridi. Ikauke na hasira zake yenyewe."

"Haya, bwana mkubwa."

Alitabasamu akiwa amempa mgongo. Hakuwahi kufurahi hivyo kwa kugombezwa.

Bado palikuwa na kamba ya kufungia kiatu mguuni. Fleurette alisema anunue mikanda ya plastiki. Rosaire akasema plastiki huganda ikavunjika. Wazee walitumia utambi wa taa, ule mpana wa pamba, kwa sababu hautelezi wala haukati mguu. Akamfundisha fundo lake. Gervaise alinyoosha mguu kitini kama mtoto, na mumewe akainama kwa shida, mkono wa kushoto ukishika ncha moja, yeye akishika ya pili. Utambi ulipita juu ya vidole, ukaingia chini, ukazunguka kisigino, ukarudi mbele.

"Vidole viwe na nafasi ya kuinama," alisema. "Kisigino kiinuke, kiatu kibaki chini. Ukikifunga chote, unabeba theluji nyumbani."

Alimaliza, lakini hakuuachia mguu mara moja. Aliushika kifundoni, kidogo tu, kama mtu anayepima kitu alichokuwa nacho siku zote bila kukijua uzito.

Kwaresima iliingia na jua. Siku ya kwanza Gervaise aligema miti michache, akarudi, akalala na buti mguuni. Siku ya pili alijua kuinua goti. Viatu vilikuwa vibaya kwa sura, kimoja kimesukwa vizuri kuliko kingine, lakini vilimzungusha mti kama mcheza ngoma. Alitoboa kwa kekee, akapigilia mrija, akatundika ndoo, akahamia mwingine. Hakwenda haraka. Na kila alipokuwa akitazama juu ya kilima, aliona jinsi msitu ulivyo mkubwa, na jinsi yeye alivyo mtu mmoja. Ukweli huo hakumwambia mumewe. Usiku, Rosaire naye hakumuuliza amefika wapi.

Clermont alikuja kama alivyoahidi, gari lake la theluji likivuta mkokoteni wa mabomba ya buluu. Akazima injini mbele ya nyumba. Rosaire alikuwa amesimama barazani, fimbo mkononi, koti limefungwa vibaya vifungo.

"Kaka! Nani kakutoa nje?"

"Mimi."

Clermont alitazama nyuma ya banda. Ndoo ziling'aa kwenye mashina, mstari baada ya mstari, na kati yake zilizunguka nyayo za mviringo, zimeusuka msitu wote wa bondeni. Katikati ya nyayo hizo alikuwapo shemeji yake, amepiga goti mbele ya mti, skafu kichwani.

"Lo!" akasema. "Koleo langu nimelileta bure." Akavua kofia, akajikuna. "Lakini, kaka, hajafika hata nusu. Kule juu kwenye mteremko hatafika, wiki hii wala ijayo. Na maji yameanza."

Rosaire alitazama juu ya kilima. Mteremko ule ulikuwa na miti iliyopandwa na babu yake. Gervaise, kule chini, alikuwa amewasikia. Alisimama, hakugeuka, akingoja.

"Chukua mteremko," Rosaire akasema. "Funga mabomba yako. Lakini usishuke kupita lile jiwe kubwa la chini ya mteremko. Huku chini pana mgema."

"Mgema nani?"

"Una macho."

Clermont akacheka, akawasha gari, akapanda kilima kwa njia ya mbali ili asiharibu nyayo.

Gervaise alitazama mkokoteni unavyopotea kati ya miti ambayo isingekuwa yao tena, kwa namna moja au nyingine. Alihisi huzuni ikipita ndani yake, akaiacha ipite. Kisha akaelekea mti uliofuata, mnene, gome limechanika kama mikono ya mkulima. Akaegemeza kekee.

"Huo acha!" Sauti ya Rosaire ilikuja kutoka barazani, imekwaruza, kubwa kuliko alivyoisikia tangu vuli. "Umeoza ndani huo! Nenda wa kushoto, wenye kovu!"

Gervaise alimsikia vizuri sana, kila neno. Akaweka mkono sikioni, akatikisa kichwa kama mtu asiyesikia, ili aseme tena.